Shajara ya baiskeli ya gia moja: kusaka mstari wa cheni ulionyooka

Siku ya 1

Leo baiskeli imesimama kwa mara ya kwanza. Fremu ni ya chuma, ya zamani, ile nyembamba ya mashindano, kranki ilikuwa na gia mbili mbele, 52 na 42, nikatoa ile kubwa nikabaki na ya meno 42, afu nikaihamishia upande wa nje wa kranki kwa sababu pale inaonekana vizuri, inang'aa, macho yanaipenda. Nyuma habu ya nyuzi (nyuzi za skrubu), ile ya kukazia frewili kwa kuizungusha, nimekazia frewili ya gia moja tu ya meno 17. Breki zipo zote mbili, cheni mpya. Nikasema ngoja nizunguke kidogo kabla sijafikiria rangi.

Mita mia hazikuisha nikaanza kusikia, krrr krrr krrr, sauti ya kusaga, inakuwa kubwa nikikanyaga kwa nguvu na inapungua nikilegeza mguu. Nikadhani cheni imekauka, nikarudi nikaweka mafuta, nikatoka tena, bado. Kwenye tuta dogo cheni ikaruka ikaanguka ndani, na baiskeli ya gia moja cheni ikianguka huna kitu mguuni, ndo maana hili sikulichukulia poa. Kwenye baiskeli ya gia nyingi cheni inakaa upande muda mwingi na hakuna anayelalamika, kuna mkono wa springi unaiongoza. Kwenye gia moja hakuna mkono, cheni inajiongoza yenyewe, kwa hiyo mbele na nyuma lazima ziwe kwenye mstari mmoja.

Nikachuchumaa nyuma ya baiskeli nikafumba jicho moja nikaangalia cheni kutoka frewili kwenda mbele. Inakwenda nje. Kwa macho tu inaonekana imepinda kwenda nje.

Siku ya 2

Leo sijapanda, nimepima.

Niandike jinsi ya kupima kwa sababu nilihangaika kuielewa na ni rahisi sana ukishaishika. Fremu ina katikati yake, chukulia ni ukuta mwembamba unaopita katikati ya bomba la kiti, katikati ya bomba la usukani na katikati ya habu. Kutoka kwenye huo ukuta mpaka katikati ya meno ya gia ya mbele ni namba ya kwanza. Kutoka kwenye ukuta huohuo mpaka katikati ya jino la frewili ni namba ya pili. Namba mbili zikilingana cheni imenyooka. Basi. Habari ya kwamba namba yenyewe iwe milimita 42 kama za uwanjani au 43.5 kama kranki nyingi za barabarani za gia mbili au inayokaribia 50 kama za milimani, hilo ni la wanaotengeneza vipuri, mimi ninachotaka ni zilingane tu.

Shida ni kwamba huwezi kuingiza rula katikati ya bomba. Kwa hiyo mbele unapima kutoka kwenye uso wa bomba la kiti mpaka katikati ya jino, afu unaongeza nusu ya unene wa bomba. Bomba langu ni milimita 28.6, nusu ni 14.3. Kutoka usoni mpaka jino nimepata 34, jumla 48.3.

Nyuma unapima upana wa ndani kati ya masikio ya fremu, pale ekseli inapokaa. Yangu ni 126, ndo upana wa fremu nyingi za enzi za gia 6 nyuma. Nusu yake 63. Afu unapima kutoka uso wa ndani wa sikio la kulia mpaka katikati ya jino la frewili, nimepata 21.5. Unatoa, 63 kutoa 21.5 ni 41.5.

48.3 mbele, 41.5 nyuma. Milimita 6.8 tofauti! Bomba za chini za nyuma zina urefu wa kama 425, kwa hiyo cheni inakwenda na pembe ya karibu digrii 1. Digrii 1 inasikika ndogo lakini cheni yangu ni ile pana ya inchi 1/8, ambayo haipindi upande kirahisi kama nyembamba za gia nyingi, inataka inyooke. Kila jino linaingia kati ya pini huku linasugua shavu la cheni. Ndo ile krrr.

Angalizo kwa anayepima: usipime sehemu moja. Gia ya mbele zungusha upime sehemu nne, yangu inayumba kama nusu milimita. Na frewili nayo inayumba ikizunguka bure, nyingi ziko hivyo hata mpya, kwa hiyo pima ya juu kabisa na ya chini kabisa uchukue katikati.

Siku ya 5

Hapa niliharakisha. Nilishajua mbele iko nje sana, nikasema dawa ni ekseli fupi ya pedeli, ile inayopita ndani ya fremu kuunganisha kranki ya kulia na ya kushoto. Iliyokuwemo ni ya milimita 118, nikatafuta ya 113, hesabu yangu ilikuwa 5 zinatoka na nyingine 1.8 nitazimalizia nyuma.

Kufungua kikombe cha kulia, kile kinachoishika ekseli hiyo kwenye fremu, kulichukua asubuhi nzima. Kwenye fremu yenye nyuzi za Kiingereza kikombe cha kulia nyuzi zake ni za kinyume, unafungua kwa kuzungusha kuelekea kulia kama vile unakaza. Cha kushoto ni kawaida. Usipojua hilo unakaza mpaka spana inalia. Nililijua, lakini kutu nayo inajua kazi yake, mafuta ya kupenya usiku mzima, afu spana na bomba refu la kuongezea mkono.

Nikafunga 113, nikarudisha kranki, nikapima. 45.8.

Nikapima tena, 45.8 tena. Nikakaa chini. Kumbe ekseli inapungua pande zote mbili! Milimita 5 ndogo maana yake 2.5 kulia na 2.5 kushoto, na cheni iko kulia tu. Afu kranki ya kushoto nayo imesogea ndani, imebaki na nafasi ndogo kwa bomba. Na hiyo ni kwa ekseli iliyo sawa pande zote, zipo za zamani ambazo kulia ni ndefu kuliko kushoto, kwa hizo hesabu ya nusu kwa nusu haikusaidii, unapima tu. Na kranki ya tundu la pembe nne ina miteremko ya aina mbili sokoni, JIS na ISO, ukichanganya kranki inakaa ndani zaidi au nje zaidi kwa milimita kadhaa, namba ya urefu iliyoandikwa kwenye ekseli inakuwa haikuambii chochote.

Kwa hiyo sheria yangu mpya: ekseli ya pedeli ni kitu cha mwisho kugusa. Anza na vitu vinavyosogea bila kununua.

Siku ya 6

Nimerudisha 118.

Afu nikaifanya kazi ambayo ningeifanya siku ya kwanza, gia ya 42 nikaitoa upande wa nje wa kranki nikairudisha upande wa ndani pale ilipotoka kiwandani. Bolti zilezile fupi za gia moja. Dakika 10 tu. Pima: 43.0.

Dakika 10 zimeleta milimita 5.3 ndani, ekseli nzima ya siku ile ilileta 2.5. Nafasi kati ya meno na bomba la nyuma imebaki milimita 5, hata kranki ikipinda kidogo ukisimama kwenye pedeli haigusi. Upande wa nje pamebaki patupu, mashimo matano yanaonekana, nimeshazoea kuyaona, sasa hivi naona pamekaa kikazi.

Sasa 43.0 mbele na 41.5 nyuma. Imebaki moja na nusu. Watu wengi wangeacha hapo na kusema kweli mtu akiacha hapo simlaumu, milimita 1 au 2 gia moja inavumilia. Mimi nataka ikae kimya.

Siku ya 8

Nyuma. Habu ya nyuzi haikuruhusu kusogeza frewili kwenye habu, inakaza mpaka mwisho inaishia hapohapo. (Habu ya kaseti ni raha, unapanga vipete vya nafasi kulia na kushoto mwa gia mpaka unapotaka.) Kwangu njia ni kuisogeza habu yote kwenye ekseli. Kulia kati ya koni (inayobana gololi) na lokinati (nati inayoifunga koni isisogee) kulikuwa na washa tatu, moja ya 1.5. Nikaitoa kulia nikaipeleka kushoto. Jumla inabaki 126, lakini habu imehama 1.5 kulia na frewili pamoja nayo. 43.0, sawasawa na mbele.

Nilipofungua nikabadilisha gololi zote na girisi, kwa sababu ukishafika humo ndani ni uvivu kutobadilisha. Koni kaza mpaka ekseli izunguke laini kwa vidole bila kucheza, afu shika koni kwa spana nyembamba wakati unakaza lokinati, la sivyo inakaza na koni.

Ila ukisogeza habu, rimu nayo imesogea, sasa haiko katikati. Inabidi uirudishe kwa spoki. Rimu ilitakiwa iende kushoto 1.5, kwa hiyo za kulia legeza robo mzunguko, za kushoto kaza robo mzunguko, zunguka gurudumu zima, angalia, rudia. Taratibu, robo robo. Nilimaliza jioni na faida moja ambayo sikuitegemea, spoki za kulia na kushoto sasa mvutano wake unakaribiana, mwanzo za kushoto zilikuwa zimelegea ukilinganisha. Gurudumu la namna hiyo linadumu.

Siku ya 9

Nimejaribu. Sauti imepungua sana, cheni hairuki. Lakini bado kuna kitu, hafifu, ssss ssss, ukiwa barabara tulivu unaisikia. Namba zinalingana mpaka nukta na bado inasema.

Nikafikiri labda ni cheni imekaza sana. Nikailegeza mpaka ikawa inacheza kama sentimita moja katikati, juu chini. Na gia ya mbele haikuwa imekaa katikati kamili kwenye kranki, ilikuwa na pahali cheni inakaza na pahali inalegea, nikalegeza bolti zake nusu, nikazungusha, pale inapokaza nikaigonga cheni kidogo gia ikasogea kuelekea katikati yake, nikakaza kidogo, nikarudia mpaka tofauti ikawa haionekani. Hiyo kazi ni ya kuifanya hata kama huna tatizo, cheni inayokaza na kulegea inakula gololi za habu.

Sauti bado.

Siku ya 10

Leo nimeipata na imenifurahisha kuliko yote.

Nilikuwa nahakiki rimu iko katikati. Njia isiyotaka chombo: funga gurudumu, pima umbali wa rimu na bomba la kushoto na la kulia, toa gurudumu, ligeuze kulia kuwa kushoto, lirudishe, pima tena. Gurudumu likiwa limekaa sawa namba hazibadiliki hata ukiligeuza. Nikaligeuza, namba hazikubadilika. Gurudumu liko sawa kabisa! Lakini pande zote mbili, ligeuzwe lisigeuzwe, rimu iko karibu na bomba la kushoto. Gurudumu likiwa sawa na bado liko upande, kilichopinda ni fremu.

Na hapo ndo nikaelewa nilichokuwa nafanya siku zote bila kujijua. Masikio ya fremu hii ni ya kulala, ekseli inateleza mbele nyuma ndo unavyokaza cheni, na kila nilipofunga gurudumu nilikuwa nalilaza kidogo mpaka rimu ionekane katikati ya mabomba. Upande mmoja ekseli mbele, upande wa pili nyuma. Rimu inaonekana vizuri, lakini frewili inaangalia pembeni. Hata kama katikati ya jino liko 43.0, jino lenyewe limekaa mshazari, haliko sambamba na gia ya mbele. Mstari wa cheni una vitu viwili, pahali na uelekeo, na mimi nilikuwa napima pahali tu.

Halafu hata lile pahali lenyewe. Ile 63 niliyoitoa siku ya pili ni nusu ya nafasi kati ya masikio, nilichukulia kwamba katikati ya masikio ndo katikati ya fremu. Kama masikio yamehama, hesabu yote ya nyuma imehama nayo.

Uzi. Funga uzi kwenye sikio la kushoto, upeleke mbele uzungushe bomba la usukani, urudishe mpaka sikio la kulia, ukaze uwe kama waya. Sasa pima umbali kati ya uzi na bomba la kiti, kushoto na kulia. Zilitakiwa kulingana. Kushoto 31.8, kulia 29.5. Tofauti 2.3, na kwa sababu bomba la kiti liko kama katikati ya safari ya uzi, ukipiga hesabu masikio yamehama kushoto karibu milimita 2. Kwa hiyo frewili yangu ya 43.0 ukweli ni 41.

Siku ya 12

Chuma kinakubali kunyooshwa kikiwa baridi. Hii naiandika kwa herufi nzito kichwani: CHUMA. Fremu ya alumini au ya kaboni usiijaribu, alumini inapata ufa na kaboni inavunjika. Kama yako ni alumini na imepinda, iache ilivyo na ucheze na washa.

Nilichotaka ni upande wa kulia utoke 2 nje na wa kushoto uingie 2 ndani, ili upana ubaki 126. Gurudumu nje. Mbao ndefu nikaipitisha kati ya mabomba ya nyuma, ncha moja ikaegemea bomba la kiti kwa kitambaa kinene katikati, nikasukuma bomba la kulia nje. Chuma kinarudi, hilo ndo la kujua, unasukuma milimita nyingi ukiachia kinarudi pale pale kana kwamba hukufanya kitu, unaongeza kidogo, kinarudi, unaongeza, na ghafla kimebaki nusu milimita. Kila msukumo mmoja nilipima kwa uzi na venia (kile kipimo cha kubana cha milimita). Uzi, venia, msukumo, uzi, venia. Kazi ya masaa mawili na nusu hivi. Upande wa kushoto nililaza fremu na kuegemea kwa mikono tu, ulikuwa laini kuliko kulia.

Mwisho: uzi 30.7 kushoto na 30.5 kulia, upana 126.3. Nikasimama hapo. Kutafuta ile sehemu ndogo iliyobaki ni kukichosha chuma bure. Nikakagua maungio yote kwa tochi, rangi imepasuka kidogo kwenye kiungo kimoja, chuma chini yake hakina ufa.

Kitu kimoja zaidi, ukisogeza mabomba nyuso za masikio zinaacha kuwa sambamba. Nilichukua vipande viwili vya fito ya chuma yenye nyuzi za skrubu, kila kimoja nikakifunga kwenye sikio kwa nati ndani na nje, ncha zikaangaliana katikati. Ncha zilipishana kama milimita 3. Nikayanyoosha masikio kwa spana kubwa ya kurekebishika, imeshika sikio lote, mpaka ncha zikakutana. Ukiacha hili ekseli inafungwa ikiwa imepinda na siku moja inakatika.

Siku ya 13

Gurudumu ndani, ekseli safari hii nimeikaza bila kuangalia rimu kabisa, nimepima masikio tu, umbali sawa kulia na kushoto. Nikainua macho, rimu iko katikati yenyewe.

Mbele 43.0. Nyuma 43 na sehemu ambayo venia yangu haiwezi kuapa. Nikachukua rula ya chuma ndefu nikailaza kwenye uso wa gia ya mbele ielekee nyuma, inafika kwenye frewili inapita sambamba na uso wake, hakuna upande inayofunguka.

Nimetoka nayo asubuhi kabla magari hayajaanza. Nilikanyaga kwa nguvu kwenye tuta lile lile. Hakuna kitu. Unasikia tairi kwenye lami, unasikia pumzi yako, ukiacha kukanyaga frewili inaanza tik tik tik, ukikanyaga kimya. Nilisimama mara mbili nikashuka kuangalia kama cheni ipo.

Nimeitoa cheni jioni nikaangalia mashavu ya meno ya 17. Upande wa ndani kuna mkwaruzo wa kung'aa kila jino, wa siku zile za 6.8. Nimeupaka wino wa kalamu mweusi juu yake. Nitaendesha kilomita mia mbili afu nifungue tena, kama wino umefutika upande mmoja tu basi bado kuna kitu sijakiona, na nitaandika hapa.